Mtaalamu Yuko Njiani, Mvuvi Yuko Majini

Asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliyokuwa ikitua Bukoba iliishia ndani ya Ziwa Victoria, ikiwa imebakiza mita mia chache tu kuufikia uwanja. Ndani walikuwamo watu 43. Waliowafikia kwanza walikuwa wavuvi. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, aliugonga mlango wa nyuma kwa kasia mpaka ukafunguka, watu wakaanza kutoka. Baadaye alisimulia alivyojaribu kuwafikia marubani kule mbele kwa kamba, kamba ikamrudi usoni, akazirai, akazindukia hospitali. Watu 24 walipona. Waliobaki 19 walikufa, marubani wote wawili wakiwamo.

Kila baada ya msiba wa namna hii tunasikia wimbo uleule. Tunahitaji kuwajengea uwezo wataalamu wetu. Tunahitaji ushirikiano wa kimataifa. Tupeleke maofisa wakajifunze kwa wenzetu waliopiga hatua, tuwe na makubaliano ya kuitana siku mambo yakiharibika. Hakuna anayebisha. Wizara inafurahi, mfadhili anafurahi, gazeti linapata picha ya watu wakipeana mikono. Hata msomaji kwenye daladala anatikisa kichwa: kweli, bwana, wenzetu wako mbali.

Mimi nabisha. Imani hiyo inasahau saa. Mtu aliyenasa kwenye chuma chini ya maji ana dakika. Aliyefunikwa na zege ana saa chache, akibahatika siku mbili tatu. Mtaalamu wa nje ana ndege ya kupanda, na wa kwetu aliyerudi na cheti ana ofisi Dodoma. Maji hayangoji viza.

Tuanze na kidonda kikubwa. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka kwenye ziwa hilohilo ikiwa imekaribia Mwanza. Haikuzama papo hapo. Ililala kichwa chini, tumbo lake likiwa juu, na waliokuwa nje waliwasikia wenzao wa ndani wakigonga chuma. Wenye umri wangu hatuhitaji kukumbushwa. Ikaonekana dawa ni kulitoboa hilo tumbo ili watu watolewe. Kumbe hewa iliyonaswa ndani ndiyo iliyokuwa ikiishikilia meli juu ya maji. Tundu lilipopatikana, hewa ikatoka, maji yakapanda, meli ikashuka pamoja na waliokuwa wakigonga. Waliokufa walizidi 800. Wapiga mbizi wa Afrika Kusini walikuja, wakafanya kazi ngumu kwa ustadi na heshima. Ilikuwa kazi ya kutoa maiti.

Najua atakayeruka hapa. Atasema: umeona sasa? Huo ndio ushahidi kwamba watu wasiofundishwa ni hatari, waachiwe wataalamu. Nakubaliana naye nusu ya kwanza. Nia njema isiyo na maarifa iliua siku ile, na sitaki kusikia mtu akimpamba mwananchi wa kawaida kana kwamba moyo peke yake unatosha. Lakini hebu tuulize: lile somo lililokosekana lilikuwa gumu kiasi gani? Chukua kikombe, kigeuze mdomo chini, kizamishe kwenye beseni la maji. Hewa inabaki ndani, kikombe kinataka kupanda. Toboa kitako chake, uone. Somo zima ni dakika kumi, na mtoto yeyote aliyewahi kuchezea maji ya kufulia analijua nusu. Halihitaji chuo cha ng'ambo. Lilihitaji kuwa kichwani mwa yule aliyeshika kifaa cha kukatia, saa ileile, mahali palepale.

Ndipo ugomvi wangu na mafunzo yetu ulipo. Tunachagua wa kumfundisha kwa cheo chake, hatuangalii anakaa wapi siku ya tukio. Mnaijua warsha hiyo. Bango lina nembo sita, mbili hatuzijui ni za nani. Chai ya saa nne ina sambusa. Mkufunzi amesafiri siku mbili kuja kutuambia kwamba maafa yana mzunguko wenye hatua kadhaa, na mchoro wa duara unaonyeshwa ukutani. Alasiri kuna kazi za vikundi, karatasi kubwa na kalamu za rangi. Jioni watu wanasaini posho. Niliwahi kukaa kwenye moja nikamuuliza jirani yangu, ofisa mwenye vyeti vitatu vya namna hiyo, kama anajua kuogelea. Alicheka sana. Mwaka uliofuata nilisikia amehamishiwa idara ya ardhi, na vyeti vyake vikaenda naye.

Sisemi maofisa hawana kazi. Lazima awepo wa kupanga, wa kuita, wa kuhesabu, wa kujua dawa ziko ghala gani. Sheria yetu ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inazitaja kamati kuanzia taifa mpaka kijijini, na hilo ni jema. Ila fuata fedha na viti vya ndege uone vinaishia ngazi ipi.

Ajabu ni kwamba hao tunaokwenda kujifunza kwao walishalisema hili zamani. Mikutano mitatu mikuu ya dunia kuhusu kupunguza hatari za maafa yote imefanyika Japani: Yokohama mwaka 1994, Kobe mwaka 2005, Sendai mwaka 2015. Kobe ni mahali ambapo maofisa wa nchi nyingi hupelekwa kujifunza. Na Kobe ilijifunza nini yenyewe? Januari 17, 1995 tetemeko liliua watu zaidi ya 6,400 katika mji huo na maeneo ya jirani. Hii ni Japani, nchi yenye zimamoto na vifaa ambavyo sisi tunaviona kwenye filamu. Hata hivyo, kwa makadirio ya Wajapani wenyewe, takriban robo tatu ya waliofukuliwa wakiwa hai chini ya nyumba walitolewa na ndugu na majirani, kwa mikono na jeki za magari.

Ng'ambo ya bahari, kisiwani Awaji, palikuwa na mji mdogo wa Hokudan, karibu kabisa na chanzo cha tetemeko. Watu wapatao 300 walifukiwa. Wenyeji na zimamoto wao wa kujitolea waliwatoa siku hiyohiyo, na sababu inayotajwa kila mara inanifanya nitabasamu: walijua bibi fulani analala chumba kipi. Hawakupoteza muda kufukua jikoni.

Msomaji wa Tanzania, hujasikia harufu ya kitu unachokijua? Sisi tulikuwa na balozi wa nyumba kumi. Siasa zake tuziweke kando, nazo zina mjadala wake mrefu, lakini balozi alijua nani kalala wapi, nani mgonjwa, nani ana mgeni, na mgeni huyo ataondoka lini. Leo kwenye ghorofa za Kariakoo ni nani anaweza kukuambia, saa tano asubuhi, kuna watu wangapi kwenye maduka ya chini ya ardhi? Jengo lilipoanguka pale Novemba 2024 swali hilo lilikuwa la uhai na kifo, na waliokuwa na fununu ya jibu ni wamachinga wa mlangoni na wapagazi. Tungali tunapeleka watu Japani kujifunza kwamba jirani ni muhimu.

Kwa wanaopenda hesabu, ipo Haiti. Tetemeko la Januari 12, 2010 liliua watu zaidi ya laki mbili kwa hesabu ya serikali yake. Vikosi vya uokoaji vilimiminika kutoka kila pembe ya dunia, na mbwa wao na mitambo yao ya kusikiliza chini ya kifusi. Vyote kwa pamoja vilitoa watu 130 hivi wakiwa hai. Kila mmoja wao ni mtu, na mama yake hatakubali nimwite namba. Lakini karibu wengine wote waliotoka hai kwenye vifusi vya Port-au-Prince walitolewa na Wahaiti, wengi wao kabla ndege ya kwanza haijatua.

Na hapa kwetu? Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara. Walikufa watu 228. Chanzo chake ni msongamano, na hakuna mafunzo ya uokoaji yanayofuta dhambi ya kujaza kivuko. Hilo libaki palepale. Kinachoninyima usingizi ni jambo jingine. Giza lilipoingia, uokoaji ulisimamishwa mpaka asubuhi. Kwenye Ziwa Victoria! Ziwa ambalo watu wake wa dagaa hufanya kazi usiku, ambalo ukisimama Ukerewe usiku usio na mwezi unadhani kuna mji unaelea, kwa wingi wa taa zao. Siku mbili baadaye alipatikana fundi mmoja wa kivuko akiwa hai ndani, kwenye hewa iliyonaswa. Hewa ileile ya MV Bukoba. Miaka 22 ilikuwa imepita.

Basi tuache ushirikiano wa kimataifa? La, hasha. Ninachokitaka ni ushirikiano ulioshuka mpaka chini, na mifano ipo. Novemba 1970 kimbunga cha Bhola kiliua watu zaidi ya 300,000 katika nchi ambayo leo ni Bangladesh. Serikali changa ya nchi hiyo na vyama vya Msalaba Mwekundu wakaanzisha mwaka 1972 mpango wa kujiandaa na vimbunga. Fedha na ujuzi wa nje viliingia, ila vilimwendea mwanakijiji: redio, kipaza sauti cha mkononi, bendera, baiskeli, mafunzo ya huduma ya kwanza. Leo wako zaidi ya watu 70,000 wa kujitolea, nusu yao wanawake. Kimbunga Sidr kilipopiga mwaka 2007 kwa nguvu za kutisha, waliokufa walikuwa takriban 3,400. Bado ni wengi, na sifa haiwaendei hao wa kujitolea peke yao, maana majengo ya kujihifadhi na utabiri bora vilichangia sana. Lakini utabiri hauna miguu. Ulihitaji mtu mwenye baiskeli anayejua mlango wa mjane aliyegoma kumwacha ng'ombe wake.

Hata hapa ziwani mfano upo, nashangaa hautajwi kwenye hotuba. Kuanzia mwaka 2017 mradi wa HIGHWAY, chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani na kwa fedha za Uingereza, ulizikutanisha mamlaka za hali ya hewa za nchi zetu zinazopakana na Ziwa Victoria. Wakafanya jambo la adabu: wakawauliza wavuvi wanataka kuambiwa nini. Wavuvi hawakutaka kusikia "mvua katika baadhi ya maeneo". Walitaka upepo, mawimbi, saa ngapi, upande gani wa ziwa. Utabiri ukapangwa hivyo, ukapitia redio za jamii na lugha za watu. Hapo mtaalamu wa ng'ambo aliifanya kazi yake halali, akakaa nyuma ya mtu aliye majini.

Na njia ya kumfikia mtu huyo hatuna haja ya kuibuni. Kwenye mialo kuna BMU, vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vyenye viongozi na orodha za wavuvi na mitumbwi yao. Tunawajua vizuri sana inapofika siku ya kukagua nyavu. Mitumbwi kumi kila mwalo yenye kamba nzito, nyundo ya kuvunjia vioo, majaketi ya akiba, na vijana walioonyeshwa mlango wa dharura wa ndege unafunguliwa vipi kwa nje, haiwezi kugharimu zaidi ya warsha mbili za kitaifa. Pale Bukoba uwanja wa ndege uko kando ya maji. Wavuvi waliwahi kuonyeshwa mlango ule lini?

Nirudi kwa Majaliwa Jackson. Alipongezwa, kwa haki. Akapewa shilingi milioni moja, kisha akaingizwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji akapate mafunzo. Nilifurahi kama kila mtu. Baadaye nikaanza kuwaza jinsi vichwa vyetu vinavyofanya kazi. Tulipogundua kwamba mwokoaji wetu wa kwanza ni mvuvi, tulimtoa ziwani tukamvalisha sare. Mafunzo hayakumfuata kule alikokuwa. Yeye ndiye aliyefuata mafunzo, na wenzake waliopiga makasia pamoja naye siku ile wakarudi kwenye nyavu zao bila hata kamba mpya.

Kwa hiyo barua ijayo ya mwaliko ikifika wizarani, ya kozi ya wiki tatu yenye tiketi na malazi, ijibiwe kwa heshima zote: karibuni ninyi. Mjifunze Kiswahili kidogo, au mje na mkalimani. Kozi itakuwa mwaloni, itaanza saa nne asubuhi mitumbwi ikisharudi na dagaa wakishaanikwa. Posho haitakuwapo, samaki watakuwapo. Mkufunzi aje na kikombe, na beseni atalikuta.