Wimbo Uleule, Mazimbu Mbili

Wapenzi wengi wa sanaa huamini kwamba kazi nzuri hujitosheleza: isikike popote, kwa chombo chochote, maana yake haibadiliki. Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro, inaikanusha imani hiyo. Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania iliwapa ANC, chama kilichopigania ukombozi wa Afrika Kusini, eneo la shamba la mkonge lililoachwa, na kuanzia 1978 ikajengwa hapo shule ya vijana waliokimbia Afrika Kusini baada ya mauaji ya Soweto ya Juni 1976. Shule ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Vijana hao walikuja na wimbo wao, Nkosi Sikelel' iAfrika, wakaukuta umeshatangulia: Watanganyika walikuwa wakiuimba kwa Kiswahili, kama wimbo wa taifa, tangu uhuru wa Desemba 1961.

Sauti ni zilezile, lakini waliouimba hawakuwa wakisema jambo moja. Kwa mtoto wa Morogoro aliyesimama mstarini asubuhi, wimbo ule ulithibitisha kilichopo: nchi ni yetu, bendera inapepea, sasa tuingie darasani. Kwa kijana wa Mazimbu, nchi aliyoililia ilikuwa bado na wimbo rasmi mwingine, Die Stem, wimbo wa dola iliyomnyonga Mahlangu. Kwa kijana huyo, kuimba Nkosi Sikelel' iAfrika kulikuwa kudai nchi ambayo hakuweza kuikanyaga, na wako wenzake waliozikwa Mazimbu kabla ya kuiona tena. Anayedhani maana yote imo ndani ya sauti hizo aeleze tofauti hiyo imetoka wapi.

Chombo nacho kina mkono wake. Enoch Sontonga alitunga wimbo huu mwaka 1897 kwa ajili ya wanafunzi wake, akauandika kwa nota za solfa, ambazo kwaya isiyo na kinanda wala fedha inaweza kujifunza. Ndiyo maana ulienea kutoka kinywa hadi kinywa kama sala. Mwaka 1923 mwandishi wa Afrika Kusini Sol Plaatje aliurekodi London, na sala ikawa ujumbe uliosafiri kwenye santuri. Unapopigwa na bendi ya tarumbeta kwenye gwaride, hauombi tena. Unaamuru watu wasimame wima. Kwaya ya sauti nne inaurudishia maombi yake.

Wapo watakaosema kwamba tukikubali kuwa mahali na chombo hubadili maana, kazi ya sanaa itabeba maana yoyote anayoitaka msikilizaji. Hoja hiyo ni nzito, lakini mambo hayafiki huko. Wimbo huu unakwenda polepole, umejengwa kwa ajili ya umati, na unaiombea Afrika nzima bila kujifunga kwa dola moja. Ndiyo sababu Tanzania na Zambia ziliweza kuupokea. Mazingira huchagua kati ya yale ambayo kazi yenyewe inayaruhusu. Wengine watatutaka turudi kwenye nia ya mtunzi. Sontonga alifariki mwaka 1905, miaka 7 kabla ya ANC kuasisiwa. Nia yake inatueleza mwanzo wa wimbo tu, haiwezi kutueleza Mazimbu ya 1979.

Tarehe 9 Julai 1992 ANC walikabidhi majengo yale kwa Tanzania, na leo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wengi wa wanaosoma hapo sasa walizaliwa baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, na wimbo wanaujua kwa sura moja tu, ile ya sherehe za serikali. Hilo si kosa lao, ila ni hasara kubwa. Chuo na walimu wa muziki nchini waufundishe pamoja na historia yake, na siku za kumbukumbu pale makaburini uimbwe na kwaya, kwa Kixhosa na kwa Kiswahili, bila spika wala tarumbeta.