Mkutano wa polima na milango iliyofungwa

Katika Mkutano wa Utafiti wa Gordon kuhusu polima, mmoja wa mikutano ya miaka mingi zaidi katika fani hiyo, mshiriki haruhusiwi kupiga picha michoro ya msemaji, kurekodi sauti yake, wala kumnukuu hadharani bila idhini yake. Mkutano ukimalizika, hakuna kitabu cha mada kinachochapishwa.

Utaratibu huo ulikusudiwa. Neil Gordon, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, aliona mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwa wanasayansi hawakuwa na mahali pazuri pa kuzungumza ana kwa ana. Mikutano yake huhesabiwa kuanzia mwaka 1931. Ilihamia kisiwa cha Gibson, Maryland, kisha mwaka 1947 ikapelekwa New Hampshire, na mwaka uliofuata ikapewa jina lake. Kundi ni dogo. Mada hutolewa asubuhi na jioni, na alasiri huachwa wazi kwa matembezi na mazungumzo.

Kwa wataalamu wa polima, faragha ina sababu ya ziada, kwani wengi wao ni waajiriwa wa viwanda. Nailoni yenyewe ilizaliwa mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont, mikononi mwa Wallace Carothers na wenzake. Mtu wa kampuni hawezi kueleza kazi ambayo haijakamilika iwapo kesho yake itakuwa gazetini. Isitoshe, fani hii ilikua kwa mabishano. Mjerumani Hermann Staudinger alipodai mwaka 1920 kuwa vitu kama mpira ni minyororo mirefu ya molekuli, wakubwa wa kemia walimpinga vikali. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1953.

Hata hivyo, yanayoamuliwa na wanakemia hayaishii maabara, na wakazi wa Tanga wanalijua hilo. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge. Miaka kumi tu kabla yake, Giulio Natta, akiwa Milan, alikuwa amefanikiwa kutengeneza polipropilini kwa kutumia vichocheo vya Karl Ziegler. Kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ya mkonge ikaporomoka, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi kiasi cha tani 20,000 kwa mwaka. Lawama zote haziwezi kuwekwa juu ya plastiki, maana usimamizi wa mashamba nao ulikuwa na kasoro zake. Wala si mkutano wa Gordon uliozaa polipropilini. Lakini mkata mkonge aliletewa matokeo ya kazi ambayo hakuwahi hata kuisikia.

Leo hoja imegeuka. Machi 2022, Umoja wa Mataifa uliazimia jijini Nairobi kuandaa mkataba wa kudhibiti uchafuzi wa plastiki. Mazungumzo ya Geneva ya Agosti 2025 yakavunjika bila mwafaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kuwa, kati ya taka zote za plastiki zilizozalishwa hadi mwaka 2015, ni asilimia tisa tu zilizorejelezwa. Kikwazo kimojawapo ni cha kikemia. Polietilini na polipropilini zikiyeyushwa pamoja hazishikani, na kinachotoka huvunjika upesi. Wenye mashine ndogo za kuyeyusha plastiki Nairobi na Dar es Salaam hawahitaji profesa kuwaeleza jambo hilo.

Mataifa hubishana mbele ya kamera, ilhali wanaotafuta dawa ya kemia hiyo huzungumza faraghani. Je, hilo ni kosa? Si lazima. Matokeo yaliyokomaa huchapishwa baadaye katika majarida, na mtafiti wa Afrika Mashariki anaweza kuyasoma. Asichokipata ni habari za majaribio yaliyoshindikana. Hizo majarida huzichapisha kwa nadra. Husimuliwa mezani, wakati wa chakula cha jioni, kwa waliokubaliwa maombi yao, wakalipa ada na kupata viza. Asiyekuwapo huweza kutumia miaka miwili na fedha chache za maabara yake kurudia njia ambayo wenzake walikwisha kuiacha. Kwa hiyo kanuni ya usiri inaweza kubaki kama ilivyo. Linalostahili kuhojiwa zaidi ni nani hulipiwa nauli ya kufika mezani hapo.