Mtoto na Shamba la Chumvi

Ndugu mkulima wa Gongoni, wako wasemao kuwa sheria ya kazi za watoto imezidi ukali, yafaa ilegezwe, kwani samaki hukunjwa angali mbichi. Na tuitazame sheria yenyewe.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13. Mwenye miaka 13 hadi 16 aweza kupewa kazi nyepesi, isiyomdhuru wala kumzuilia masomo. Haikukatazi kumfundisha mwanao kupalilia mahindi au kuchunga mbuzi atokapo shule. Samaki akunjwe hapo.

Bali kazi ya chumvi si nyepesi. Jua huchoma, weupe wa chumvi huumiza macho, na maji yake huwasha kila kidonda mguuni.

Tena piga hesabu. Mtoto hukubali ujira mdogo. Akiruhusiwa, mwenye kazi ana haja gani ya kumlipa baba yake ujira kamili? Shilingi aletayo mtoto jioni huenda imetoka mfukoni mwako.

Huko Marekani, jimbo la Arkansas liliondoa kibali cha kazi kwa walio chini ya miaka 16, mwaka 2023. Tusiige.

Ni kweli, ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 2003, lakini sare na chakula vyataka fedha, na ukame hauna huruma. Basi tudai ujira wa haki kwa wazazi na chakula shuleni. Nawe ukimwona mtoto chumvini saa za masomo, mwarifu chifu.