Lukuga ikiziba, ziwa linaingia nyumbani

Wandugu vijana wa Kalemie, Uvira na popote muliko,

Kila mara ziwa Tanganyika likipanda, wakubwa wanatuambia: ni mvua, ni kazi ya Mungu. Mvua ni kweli. Lakini kuna jambo hawapendi kulisema: mito mingi inaingia katika ziwa hili, Ruzizi, Malagarasi na mingine, ila mlango wa kutokea ni mmoja tu. Mlango huo uko hapa kwetu Kalemie. Ni Lukuga, inayopeleka maji mpaka Lualaba.

Tujue historia yetu. Mwaka 1874, Mwingereza Cameron alifika kwenye mdomo wa Lukuga, akakuta matete yameufunga. Mwaka 1876, Stanley naye akakuta tope na matete, maji hayaendi. Wakati ule ziwa lilikuwa linapanda, na ng'ambo kule Ujiji maji yalikuwa yanakula pwani. Mwaka 1878 kile kizibo kikapasuka. Hore, mumisionari, alipofika 1879, alikuta mto unakimbia kwa nguvu. Miaka iliyofuata ziwa lilishuka mita nyingi.

Baadaye Wabelgiji walijenga Albertville, ndiyo Kalemie ya leo. Reli ya Kabalo, iliyofika hapa 1915, inafuata bonde la Lukuga. Maana yake, leo mto ukijifungulia wenyewe kama 1878, utakuta watu, mashamba, daraja na reli.

Tuliona maji mwaka 2020, 2021 na tena 2024. Kalemie na Uvira familia zilibeba godoro kichwani, batoto wakakosa masomo. Wakubwa walikuja, wakapigwa picha, wakarudia. Mpaka maji ya mwaka gani tutangoja?

Hatusemi wachimbe ovyo. Ukifungua mdomo kupita kiasi, watu wa chini ya mto ndio watakufa maji. Ndiyo maana tunadai mambo ya wazi:

– Mdomo wa Lukuga upimwe, na matokeo yatangazwe kwa raia kwa Kiswahili, si kwa wakubwa tu.
– Serikali ikae na Burundi, Tanzania na Zambia, juu ziwa ni letu sote wane. Mamlaka ya ziwa iko Bujumbura, itumike.
– Feza za kusafisha mto ziandikwe kwenye bajeti, na tuone zimeenda wapi.
– Wanaokaa kandokando wasifukuzwe bila kupewa kwanza pa kwenda.

Na sisi wenyewe? Tuache kutupa masashe na machupa mtoni. Hatuwezi kudai mlango ufunguliwe huku tunauziba kwa mikono yetu.

Miaka 150 iliyopita matete ndiyo yaliziba Lukuga. Leo, kinachoiziba zaidi ni kunyamaza kwetu.

Tusinyamaze!