Haki ya Kusoma Bila Kujificha

Kila ifikapo Septemba, katika miji ya Uingereza kama London, Leicester na Birmingham, vyuo na kumbi za halmashauri hufungua milango kuwapokea watu wazima wanaorudi kusoma: huyu hesabu, yule ushoni, na wengi, wakiwamo ndugu zetu waliohamia huko kutoka Mombasa, Unguja, Bujumbura na Bukavu, Kiingereza cha wageni. Elimu hii ina asili ya kuheshimika, kwani Albert Mansbridge na mkewe Frances walipoasisi chama cha elimu ya wafanyakazi mwaka 1903, muradi wao ulikuwa mfanyakazi asomeshwe kama mtu mwenye akili zake na mambo yake, wala si kama mtoto aliyechelewa kukua. Juu ya msingi huo nataka kusema jambo ambalo najua litawafanya baadhi ya wasomaji wakunje nyuso: kwamba wanawake wapendao wanawake, wanaume wapendao wanaume, na wale waliobadili jinsia, wawe wanafunzi au walimu, wana haki ya kukaa katika madarasa hayo pasi na kujificha, na kwamba kuwapatia haki hiyo ni wajibu wa chuo, si hisani.

Tazama jinsi lugha inavyofundishwa. Juma la pili au la tatu haliishi kabla mwalimu hajagawa karatasi yenye mchoro wa ukoo, baba huku na mama huku, watoto chini yao, akamwambia kila mtu amgeukie aliyeketi kando yake amwulize: umeolewa, mumeo anaitwa nani, anafanya kazi gani? Mwanamke ambaye kwa miaka ameishi na mwanamke mwenziwe, wakalipa kodi ya nyumba pamoja na kuuguzana pamoja, hana budi kukata shauri papo hapo, kwa maneno yale machache aliyokwisha kujifunza, ama aseme kweli mbele ya watu asiowajua, ama abuni mume. Akimbuni, mume huyo juma lijalo atatakiwa awe na kazi, na siku ya kuzaliwa, na chakula akipendacho. Na hivyo bibi yule atajishughulisha kuukumbuka uongo wake ilhali wenziwe wanakumbuka vitenzi. Akinyamaza, mwalimu ataandika kwamba hana bidii ya kuzungumza. Mtoto wa shule husomeshwa kwa ajili ya maisha yatakayokuja, lakini mtu mzima husomeshwa kwa maisha aliyo nayo, na maisha hayo ndiyo kitabu chake cha kwanza. Basi anayelazimika kuyafunika hukosa somo lenyewe.

Wapo, tena, waliofika Uingereza kwa sababu hiyo hiyo. Uganda ilipitisha mwaka 2023 sheria inayoweka kifungo cha maisha kwa tendo la watu wa jinsia moja, na katika hali fulani hukumu ya kifo, na haikuwa nchi ya kwanza wala ya pekee kuwakimbiza watu wake. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikwisha kuamua, mwezi wa Julai 2010, katika kesi ya wanaume wawili, mmoja wa Iran na mmoja wa Kameruni, kwamba si haki kumrudisha mtu kwao kwa hoja kuwa atasalimika iwapo ataishi kwa kujificha, maadamu linalomfanya ajifiche ni hofu ya kuteswa. Ni ajabu iliyoje, basi, mkimbizi aliyepewa hifadhi kwa hukumu ya namna hiyo aende jioni darasani na kukuta kwamba pale, katikati ya London, inampasa kuficha tena lile lililomtoa kwao!

Uingereza yenyewe haina haki ya kujisifu sana katika kadhia hii. Mwaka 1921 baraza la wawakilishi lilipitisha kifungu cha kuwatia hatiani wanawake wapendanao, na mabwana wa baraza la juu wakakikataa, si kwa huruma, bali kwa kuhofu kwamba sheria ingewafahamisha wanawake wengi jambo ambalo hawakupata kulisikia. Kunyamaza, kwa rai yao, kulikuwa adhabu iliyotosha. Ukimya huo ulipata nguvu ya sheria mwaka 1988, kwa kifungu cha 28 cha sheria ya serikali za mitaa, kilichozikataza halmashauri kuhimiza mapenzi ya jinsia moja. Hakuna aliyepata kushitakiwa kwacho akatiwa hatiani, lakini hofu haihitaji hakimu: walimu wengi walijifunza kutosema neno, na wasimamizi wao wakajifunza kutouliza. Kilifutwa Uskoti mwaka 2000, na Uingereza na Wales tarehe 18 Novemba 2003. Na wiki mbili hazikutimia zikaanza kanuni za kuwalinda wafanyakazi, pamoja na wanafunzi wa vyuo vya ufundi na elimu ya juu, wasibaguliwe kwa mapenzi yao. Baadaye ikaja Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, inayozitaka taasisi za umma si kuepuka ubaguzi tu bali pia kuukabili. Sheria ni njema. Ila mwalimu aliyeanza kazi mwaka 1990 amebeba tabia ya miaka ile hadi leo, na tabia haifutwi na Bunge.

Na huyo mwalimu, nani anamwangalia? Walimu wa jioni aghalabu hulipwa kwa saa, mkataba wao ukiwa wa muhula, hawana ofisi wala mtu wa kumweleza jambo saa tatu za usiku jengo likiwa tupu. Mwalimu mwanamke aishiye na mwanamke, anapoulizwa na wanafunzi wake swali lile lile la mume, naye hubuni au hukwepa, kwa kuwa hajui kama mkuu wake atasimama upande wake pindi watakapoondoka wanafunzi wawili watatu kwa hasira na darasa likapungua. Mtu asiyejua kama atakuwa na kazi mwezi wa Januari hawezi kuwa jasiri mwezi wa Novemba. Anayetaka walimu majasiri kwanza na awape mikataba.

Watasema wengine, na miongoni mwao watu wa ibada ninaowaheshimu, kwamba mambo ya faragha hayana mahali darasani. Nakubali, lakini yule anayeeleza harusi yake, na kuonyesha picha ya mumewe katika simu, hakuna aliyemwambia kwamba ameleta chumba chake cha kulala darasani. Staha ile ile na iwe ya wote. Wala haombwi mtu kuacha itikadi yake: Sheria hiyo ya 2010 inataja mambo tisa ya kulindwa, dini ikiwamo, na mama wa Kiislamu anayetaka asibughudhiwe kwa hijabu yake, tena apate muda wa swala ya magharibi, anasimama juu ya ardhi moja na bibi yule aliyebuni mume. Akiichimba chini ya mwenziwe, ajue naye yumo humo.

Wakuu wa vyuo, basi, wasingoje mwanafunzi ajitangaze ndipo watengeneze mambo. Karatasi ya ukoo na iulize, unaishi na nani, mwenye jibu atajibu na asiyetaka atasema ana paka. Mwalimu wa saa na aambiwe siku ya kwanza ni nani wa kumpigia simu usiku, na nambari hiyo iwe ya mtu atakayeipokea. Na kabla ya hayo yote litazamwe daftari la mahudhurio, kwa kuwa huko Uingereza sheria humruhusu mtu mzima kubadili jina kwa hati aliyoitia saini mbele ya mashahidi, bila kufika mahakamani. Hivyo mwanafunzi aliyebadili jinsia akileta jina lake jipya jioni ya Jumanne, liitwe hilo Alhamisi, na barua ya kurekebisha cheti ipelekwe kwa watahini mapema, kabla vyeti havijachapwa.