JONGOO KAKUZIDI AKILI YA BIASHARA

Wiki hii nawaletea habari za jongoo. Msicheke. Najua wengi mkisikia jina hilo mnamuwaza yule asiyepanda mtungi. Huyu wa leo kapanda msitu mzima.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa, kilianza kazi mwaka 1954. Kikachimba mawe ya matumbawe weee, mpaka likabaki shimo kubwa jeupe, jua kali, udongo hakuna. Mwaka 1971 Mswisi mmoja, René Haller, akaanza kupanda miti humo. Akajaribu aina 26, zikapona tatu tu. Kiboko yao ulikuwa mvinje, mti ambao mizizi yake inaishi na vijidudu vinavyoutengenezea mbolea kutokana na hewa.

Kasheshe likaja: majani ya mvinje yakianguka hayaozi, yanarundikana tu. Mwingine angeita lori lizoe taka. Haller yeye akamwona jongoo anayatafuna kwa raha zake. Akakusanya majongoo kwa mamia, akayamwaga humo. Yakala, yakanya, mavi yakageuka udongo. Miti mingine ikashika, ndege wakaja, wanyama wakaletwa. Leo panaitwa Haller Park, na watu wanalipa kiingilio kuona twiga shimoni.

Turudi kwetu mtaani. Mshikaji wangu mmoja mkaanga chipsi alikuwa kila usiku anamwaga maganda ya viazi mtaroni. Mvua moja tu, mtaro ukaziba, maji machafu yakaingia mpaka kibandani, wateja wakahamia kwa jirani. Wiki nzima hakuuza kitu. Kumbe nyumba ya tatu tu kuna mama anafuga nguruwe, analia na bei ya pumba! Siku hizi mama anayafuata maganda mwenyewe, anayachemshia nguruwe wake, na jamaa anaachiwa hela ya mkaa.

Ndiyo maana nasema, msituni hakuna jalala. Uchafu wa huyu ni ugali wa yule. Kabla hujalia huna mtaji, hebu chungulia unachotupa, halafu uliza nani ana njaa nacho.

Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Haller angemtupa jongoo, angetupa na msitu wake. Wewe jana umetupa nini?

Tukutane wiki ijayo, inshallah.