Baba akisalimiwa njiani anayumba

Binti mmoja wa Makuyuni, Korogwe, ameniandikia kuhusu baba yake aliyepata kiharusi mwaka jana, mguu wa kushoto ukalegea. Sasa mzee anazunguka ua mzima kwa mkongojo bila kushikwa. Lakini akitoka nje, mtu akimwita, "Mzee, shikamoo!", anasimama ghafla au anayumba. Ameshaanguka mara mbili, na ndugu wameamua asitoke tena.

Binti yangu, hilo la kumfungia ndani usilikubali. Zamani mguu ulikwenda wenyewe, kichwa kikiwaza bei ya mahindi. Sasa kila hatua anaifikiria. Salamu ikija, akili inagawanyika, na mguu ndio unaopunjwa. Mwaka 1997 watafiti wa Sweden walichapisha habari za wazee 58 waliokuwa katika makao ya wazee. Wazee 12 walisimama walipoanza kuzungumza njiani. 10 kati yao walianguka ndani ya miezi 6.

Kwa hiyo kutembea na kuzungumza afundishwe kwa pamoja. Kwa kuwa ameshaanguka, mpeleke kwanza Hospitali ya Magunga, apimwe presha, na uulizie mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Wakiruhusu, anzeni uani palipofagiliwa, asubuhi kabla hajachoka. Avae viatu vinavyoshika mguu, kandambili ziwekwe kando. Wewe kaa kushoto kwake, nyuma kidogo.

Atembee kimya kwanza. Kisha mwambie ataje vituo vya basi la Moshi: Korogwe, Mombo, Same, Mwanga. Akizoea, avitaje kwa kurudi nyuma. Akikosea kituo mwache, wala wajukuu wasimcheke. Akianza kuburuta mguu, nyamaza, apumzike. Dakika 10 zinatosha kwa kuanzia. Wengine huwabebesha wagonjwa kikombe cha maji. Kwa mzee huyu hapana, mkono wake wenye nguvu una mkongojo.

Tafiti kadhaa zimeonyesha mazoezi ya namna hii yakiongeza kasi ya kutembea baada ya kiharusi. Usiyachukulie kuwa kinga ya kuanguka. Endelea kuwa karibu naye.

Barabara kuu ni habari nyingine. Akiwa anavuka, asiitwe na mtu, wala asimjibu mtu. Najua salamu za Wazigua na Wasambaa hazina haraka. Atawasalimia wote akishafika ng'ambo.